Mtutu Usiokwisha Kusuguliwa

Jumatatu, 25 Novemba

Afisa ugani amegawa madaftari kwa akina mama wa kikundi chetu hapa Isansa. Anataka tuandike siku ya mvua, siku ya kupanda na siku ya mbolea, ili mwisho wa msimu aone nani amelima kwa akili na nani amelima kwa mazoea. Mvua: hakuna. Kupanda: bado. Mbolea: iko chini ya kitanda. Basi, ya kwake yameisha na ukurasa bado mweupe. Mimi nina hasira, kwa hiyo naandika hasira.

Mume wangu Boazi, ambaye mimi namwita Baba Eva, ameifungua bunduki yake na kuulaza mtutu juu ya meza yangu ya chakula. Bunduki ni ya halali, ana kibali nayo, aliinunua alipostaafu uaskari wa wanyamapori. Kila msimu watu wa bonde letu wanamtegemea yeye kwa nguruwe pori. Mwaka jana alikosa shabaha mpaka watoto wakamtungia wimbo. Anasema kosa si la jicho, ni la mtutu: ndani umeliwa na kutu na risasi inatoka ikiwa imeyumba kushoto. Atausugua mpaka ung'ae kama kioo. Nikamuuliza utakwisha lini. "Mtutu haupendi haraka, Mama Eva." Mahindi nayo hayapendi nguruwe, lakini hilo hakulisema.

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua ya kweli. Tumepanda shamba la mtoni. Baba Eva ameshika jembe mpaka jua la saa sita, halafu akakumbuka mtutu wake.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua. Amesugua.

Ijumaa, 6 Desemba

Mvua. Amesugua. Tumekula magotini kwa sababu meza ina mwenyewe.

Jumanne, 10 Desemba

Leo amechukua sufuria yangu ya mboga, akayeyusha risasi ndani yake.

Niieleze vizuri, maana lugha yetu hapa ina ubahili. Yale madini mazito ya kijivu, yanayofungwa kwenye rimu za magari tairi lisitikisike, tunayaita risasi. Na ile inayotoka kwenye bunduki nayo tunaiita risasi. Yeye ameyeyusha yale madini. Alipata vipande kwa mafundi wa malori Tunduma. Ameviyeyusha kwenye sufuria yangu, akamimina kidogo kwenye ncha ya mtutu kuzunguka ufito wa chuma. Yalipopoa yakawa kigogo kidogo kilichochukua umbo lote la ndani, pamoja na ile michirizi inayozunguka humo. Kigogo hicho anakipaka dawa ya kusagia valvu, anakisukuma na kukivuta, anakisukuma na kukivuta. Kazi ya kitambaa, anasema, inafuta vumbi tu. Kigogo kinatafuta mahali palipobana na kupalainisha.

Nimemwambia kama angenilainisha mimi kwa subira hiyo tungekuwa mbali. Amecheka. Mimi sikucheka, sufuria ile ilikuwa ya harusi na sasa haifai hata kwa maji ya kuogea.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Mama yangu amekuja kutoka ng'ambo ya mto, anakoishi kwa mdogo wangu Clever. Kama kawaida amesimama nje ya ua na kubisha kwa kukohoa. Kama kawaida Baba Eva amesikia kikohozi, akachukua mtutu wake na kwenda nyuma ya nyumba mpaka mgeni aondoke. Hiyo ndiyo heshima ya ukwe waliyolelewa nayo wote wawili. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hataji jina lake, na mama mkwe hatii mdomoni chakula cha nyumba ya mkwe wake. Vijana wengi wameiacha. Hawa wawili wanaishika kama amri ya kumi na moja.

Nilimpa mama sahani ya wali na kuku. Akasema ameshakula. Nikamfungia apeleke nyumbani. Akasema mkono unamuuma. Nikaudhika nikamwacha aende, maana nilikuwa na wageni na mume aliyejificha nyuma ya nyumba na bomba la chuma.

Jumanne, 14 Januari

Palizi. Mgongo wangu si wangu.

Tukiwa shambani Baba Eva ameuliza, bila kuinua kichwa, "Ng'ambo kule bado wana mahindi ya mwaka jana?" Nikajibu kwa nini wasiwe nayo, Clever alivuna magunia hadi yakalala barazani. Akasema amesikia Clever amehamia Tunduma na mkewe, anauza nafaka kwa Wazambia. Nikamwambia angalau Clever anafanya kazi inayoonekana. Akaendelea kupalilia.

Jumamosi, 1 Februari

Leo nitaandika jambo jema, lisije likasahaulika. Baba Eva amemaliza. Ameomba ruhusa kwa mtendaji, wakaenda wanaume kadhaa mpaka kwenye shimo la zamani la kokoto, akaweka debe kuukuu mbali kabisa. Alipiga mara tatu, na debe likatobolewa mara tatu, matundu yamekaribiana kama macho na pua. Nikodemo, mwenye gobole, alilizungusha lile debe mkononi akasema, "Kaka, huu si mtutu tena, hii ni sindano."

Nimechinja kuku. Nimempa firigisi mwenyewe, nikamwambia samahani ya sufuria. Meza yangu imerudi. Mvua nzuri, mahindi yameshika kiuno.

Jumapili, 16 Februari

Mvua asubuhi. Mama hakuonekana kanisani, wanasema miguu.

Jumatatu, 24 Februari

Mahindi yameanza kukaza maziwa na tayari yameingiliwa. Upande wa chini, karibu na mto, mistari miwili imevuliwa mahindi. Nilimwita Baba Eva akaja na bunduki begani, amejiweka sawa kabisa, mtu wa porini aliyerudi kazini. Akainama kwenye tope. Akafuata nyayo mpaka ukingoni mwa mto, akasimama huko kwa muda mrefu akitazama ng'ambo. Aliporudi uso wake ulikuwa umefungwa kama duka.

"Nini?"

"Nguruwe."

"Nguruwe gani asiyeacha maganda? Asiyeangusha mmea hata mmoja?"

"Wapo wa namna hiyo."

Jioni nimemkuta mezani. Ameifungua bunduki. Mtutu umelala pale pale ulipolala tangu Novemba, na yeye anakoroga dawa ya valvu. Nikadhani macho yananidanganya. Nikamuuliza, si ulitoboa debe mara tatu? Akasema ametazama ndani kwa mwanga, bado kuna mikwaruzo. Nikamwambia mikwaruzo iko kichwani mwake. Nimelala nimempa mgongo.

Jumatatu, 3 Machi

Wamekuja tena. Mstari mmoja na nusu. Tulipotoka kwenda ibada jana mahindi yalikuwapo, nilipopita jioni kuchuma mboga ya maboga hayakuwapo. Hawa nguruwe wanaijua Jumapili. Wanajua hata saa ya mahubiri.

Sasa mimi si mtoto. Mahindi hayaliwi na nguruwe, yanachumwa na mtu. Shamba letu limepakana na la Diana. Diana mwenyewe huwa kanisani, tena benchi moja na mimi, lakini nyumba yake ina mikono mingi, na mumewe wa bodaboda sijamwona ibadani tangu Pasaka. Nimemwambia Baba Eva hivyo. Akasema, "Usimtaje mtu usiyemwona." Nikamwambia basi kaa shambani Jumapili na bunduki yako umwone. Akasema bunduki haiko tayari.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, na bunduki iliyofunguliwa haiui hata panya. Mahindi yale ni chakula chetu cha mwaka mzima na ndiyo yatakayomrudisha Eva chuoni Mbeya. Yeye anasugua.

Jumatano, 5 Machi

Mashineni kulikuwa na foleni ya kusaga. Mwanamke mmoja akaniuliza habari za mtaalamu wangu. Nikasema, "Mwenzenu msimu huu halimi. Kutwa anayeyusha risasi kwenye sufuria yangu." Watu wakacheka mpaka unga ukamwagika. Nami nikaona raha, nikaongeza chumvi: kwamba usiku anazungumza na mtutu, na kwamba nikifa ataoa ule ufito wake wa kusugulia. Diana alikuwa nyuma yangu na hakucheka.

Jumamosi, 8 Machi

Mtendaji wa kijiji amekuja na mgambo wawili. Huyu mtendaji ni mgeni hapa, ametokea Chitete mwaka jana, anapenda kila jambo liwe na muhuri. Amesimama uani akasema amepata taarifa kwamba Boazi anatengeneza risasi nyumbani.

Baba Eva akamwonyesha kigogo. "Hii ni risasi madini, mtendaji. Ya kusugulia. Si risasi ya kupigia."

"Kwa hiyo ni risasi."

"Ni risasi, lakini si risasi."

Mtendaji akawatazama mgambo wake kama mwalimu aliyeshika mwanafunzi na kibomu cha majibu ya mtihani. Akasema risasi ni risasi, mengine watayasema polisi. Wamechukua bunduki vipande vipande, wamechukua sufuria yangu, wamechukua hata mkebe wa dawa ya valvu. Vitakaa kituoni Vwawa mpaka uchunguzi ukamilike.

Nilijua ni Diana. Nilijua pia neno lilitoka kinywani mwa nani kwanza, lakini mimi nililitoa kama mzaha, yeye akalipeleka kama taarifa, na hayo ni mambo mawili.

Kilichonimaliza ni Baba Eva. Hakufoka, hakuomba. Aliwasaidia kufunga mtutu kwenye gunia usikwaruzike, akawasindikiza mpaka barabarani. Aliporudi akakaa kwenye kigoda akashusha pumzi kama mtu aliyetua kuni. Nikamuuliza, umefurahi? Akasema, "Nimechoka tu." Mwongo. Alifurahi.

Jumatatu, 10 Machi

Wamekuja tena. Jumapili tena. Mvua haijakatika tangu juzi na nyayo zimefutika, au kuna mtu alizifuta, maana nilipofika Baba Eva alikuwa ametangulia na jembe.

Jumatatu, 17 Machi

Tena.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda kwa Nikodemo. Sikumwambia mume wangu. Gobole la Nikodemo lina kibali, au Nikodemo anasema lina kibali. Hujazwa baruti na vipande vya nondo, na likilia bonde zima linaziba masikio. Nimemwambia Jumapili asiende ibadani, aingie kwenye dungu la kulindia shamba letu na kutulia.

Akaniuliza, "Dada, ni nguruwe kweli?"

Nikamjibu, "Ukiona mahindi yanatikisika piga. Wa miguu minne au wa miguu miwili, usije kuniuliza."

Nayaandika kama nilivyoyasema.

Jumanne, 25 Machi

Naandika nikiwa kituo cha afya, kwenye benchi la wauguzaji. Daftari nimeletewa na Rozi, mke wa Nikodemo, pamoja na uji.

Jumapili ibada ilianza vizuri. Wanaume kulia, wanawake kushoto. Mimi na Diana benchi moja, hatujasalimiana, lakini mimi kitabu changu cha nyimbo kilinyeshewa msimu huu, kikavimba, kwa hiyo tulishika cha kwake wote wawili, kila mmoja pembe yake. Tuliimba wimbo mzima bila kutazamana. Wakati wa matangazo akasimama mzee wa kanisa Raphaeli. Akasoma ya kikundi cha vijana, akasoma ya mchango wa bati, halafu akasema, "Tumwombee pia ndugu yetu Nikodemo, ambaye leo hatunaye. Amejitolea kulinda shamba la ndugu Boazi kwa silaha."

Nilimtazama Baba Eva ili nione aibu yake. Nilitaka aone kwamba mwingine amefanya kazi yake. Sikuona aibu. Aliinuka katikati ya benchi, akawakanyaga watu, akatoka mbio kwa mlango wa mbele akiwa na suti yake ya harusi. Mzee wa miaka yake, mbio kama mtu anayefukuzwa. Nikatoka nyuma yake. Nilikuwa nimekasirika, nataka hilo lieleweke. Nilimfuata nikimtukana. Nilisema kila neno ambalo mwanamke wa kanisa hapaswi kulijua.

Tulikuwa tumefika kwenye mteremko nikamsikia akipiga kelele, "Nikodemo, usipige! Usipige!" Akaingia kwenye mahindi. Ndipo gobole likalia.

Nikodemo nilipishana naye njiani. Uso umekuwa majivu, hana silaha mkononi, anasema tu, "Kaka Boazi, nimempiga Kaka Boazi, nikatafute pikipiki." Akapita. Hakuona zaidi ya hapo, na nashukuru.

Nikaingia kwenye mistari. Baba Eva alikuwa amekaa chini, amenyoosha mguu, paja la suti limechanika na damu inatoka. Nyuma yake, hatua chache, alikaa mama yangu. Kitenge chake kilikuwa kimefunguka, na mahindi mabichi yamemwagika kwenye tope, machache sana, hayajazi hata kikapu. Alikuwa mzima. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomwacha Krismasi, na nilijiuliza nilikuwa namtazama nani miezi yote ile.

Na Baba Eva alikuwa amempa mgongo. Sikuelewa mara moja. Alikuwa ameumia, anauma meno, na bado alijigeuza akatazama upande wa mto, asije akamwona mama mkwe wake amekaa chini na nguo imefunguka.

Akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Mwambie asiogope. Mwambie haijampata mtu vibaya."

Mama alikuwa akimsikia. Mimi nikageuka nikamwambia mama, "Anasema usiogope."

"Mwambie nashukuru," mama akasema. "Nilichukua ya kuchoma tu, mwanangu. Clever aliuza yote kabla ya kuondoka. Alisema atatuma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuja kuomba chakula kwa mkwe?" Aliniuliza kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuja uchi. "Nilisema ni shamba la mwanangu. Nilisema Jumapili hakuna wa kukutana naye njiani."

Nikamfunga kitenge. Nikaokota mahindi yote nikayatia ndani yake, nikamvusha mto kwa mkono, nikamwambia aende asigeuke. Watu wa kanisani walikuwa wanashuka mteremko. Niliporudi nilikaa karibu na mume wangu nikamfunga paja kwa kilemba changu, na wakati nafunga nilimuuliza tangu lini.

"Tangu siku ya kwanza. Huwa anaburuza mguu wa kushoto. Nyayo hazisemi uongo."

"Bunduki ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima. Lakini ningekubali kuwa ni nzima, ungeniambia nikaketi nayo dunguni."

"Ungeniambia, Boazi!" Sijawahi kumwita Boazi tangu Eva azaliwe. "Mimi ni mwanawe. Ungeniambia mimi!"

Akanitazama, naye hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa ninapoandika. "Nilitaka. Kila siku nilitaka. Halafu ukaenda mashineni."

Wauguzi wamemtoa vipande vya nondo. Wanasema paja litapona ila atatembea kwa kuchechemea. Amelala. Nina hasira na Clever, nina hasira na mtendaji, nina hasira na hii heshima yetu inayomwacha mzee afe njaa kwa adabu. Nimejaribu kuwa na hasira na Boazi pia, nimekaa hapa nikaitafuta. Haipo. Ya kwangu mwenyewe ndiyo imejaa mahali pote.

Alhamisi, 27 Machi

Nimekwenda Tunduma. Clever alikuwa amekaa juu ya magunia karibu na mpaka, anabishana na Mzambia kwa Kibemba na kalkuleta. Aliponiona akasema, "Sista! Karibu ofisini." Nikampiga kofi mbele ya wateja wake. Mzambia akafunga kalkuleta yake akaondoka. Nimerudi na magunia mawili ya mahindi juu ya basi, na nimeyashusha kwa mama, si kwangu. Hayo ni ya mwanawe wa kiume. Hayo hana sababu ya kuyakataa.

Jumatano, 2 Aprili

Jua. Baba Eva amerudi nyumbani kwa fimbo. Nimemwekea kiti uani. Mama amemtumia maziwa mgando kwa mkono wangu, nami sijasema yametoka kwa nani. Baba Eva ameyanywa yote na hajauliza.

Jumamosi, 5 Aprili

Mkutano wa kijiji, uwanja wa shule. Nimerudi sasa hivi, na lazima niandike.

Polisi wamelichukua gobole, na Nikodemo ana kesi ya kujieleza. Kwa hiyo Nikodemo alisimama akasema hakupiga ovyo. Alisema aliona kitenge kati ya mahindi. Alisema palikuwa na mwanamke, na yule mwanamke ndiye chanzo, basi atajwe. Sikumlaumu. Mtu akizama hushika chochote.

Mtendaji akafurahi. Akasema kijiji kina sheria ndogo, mwizi wa mazao shambani atatajwa mkutanoni na kutozwa faini. Mzee Raphaeli, ambaye si mtu mbaya ila anapenda utaratibu, akaongeza kwamba kama ni mshirika atatengwa na meza ya Bwana. Mama yangu amekula meza hiyo tangu kabla kanisa halijaezekwa bati. Alikuwa amekaa nyuma kabisa kati ya wazee wenzake, mikono kwenye mapaja. Nikamwona anaanza kujiinua. Alikuwa anakwenda kusema. Anaweza, ni mtu wa namna hiyo.

Baba Eva aliulizwa kwanza. Alisimama kwa fimbo yake akasema, "Niliona nguruwe." Watu wakanong'ona. Mtendaji akamuuliza kama nguruwe wa Isansa wanavaa vitenge. Vijana wakacheka, na mume wangu akasimama pale akichekwa, kama alivyochekwa msimu mzima.

Nikainuka.

"Nilikuwa mimi," nikasema. "Ni shamba langu. Nilikwenda kuchuma mahindi yangu mabichi nichome. Sikumwambia mume wangu kwa sababu tulikuwa tumegombana. Alipotangaziwa kwamba kuna silaha shambani akajua niko huko, ndiyo maana alikimbia."

Kanisa lote lilikuwa pale uwanjani. Kanisa lote lilikuwa limeniona nimekaa benchi la pili na gauni la kijani, halafu likaniona natoka mlangoni nikitukana. Nikodemo alifungua mdomo, halafu nikaona macho yake yanatembea taratibu mpaka nyuma, kwa wazee, yakamkuta mama aliyekuwa bado amejiinua nusu. Akafunga mdomo. Mzee Raphaeli akaanza kukagua viatu vyake.

Mtendaji hasali kwetu. Akapitisha macho kwa watu. "Mimi nilisikia huyu mama alikuwa kanisani. Nani anaweza kuthibitisha hakuwepo?"

Hakuna aliyejibu. Mtu mmoja tu angesema kweli na ningekuwa mwongo wa hadhara, na mama angesimama.

Diana akasimama. Diana, niliyemwita mwizi mbele ya mume wangu. Diana, ambaye najua alijua, maana maneno yangu hayajawahi kukaa ndani ya ua. Nikajua sasa analipiza, tena nikasema moyoni ana haki.

Hakunitazama. Alijifunga kitenge chake vizuri, akamwambia mtendaji, "Mimi hukaa naye benchi moja. Jumapili ile nafasi yake ilikuwa wazi. Kitabu cha nyimbo nilishika peke yangu."